Mwalimu, kumbe bei yako inategemea geti?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 32, naishi na mume wangu Kizota, hapa Dodoma. Nafundisha watoto kinanda majumbani kwao. Nilisoma cheti Bagamoyo, pale chuo cha sanaa cha TaSUBa, na parokiani kwetu mimi ndiye mpiga kinanda wa misa ya pili. Kazi naipenda. Kinachoninyima usingizi ni bei.

Nilianza na watoto wa kwaya. Wakati huo sikutaja bei, mzazi alitoa alichojaliwa. Wapo waliotoa 5,000, wapo waliotoa 10,000, na mama mmoja mwenye shamba la mpunga Bahi analipa kwa mchele hadi leo. Mchele wenyewe mzuri, sina la kulalamika. Baadaye zikaja familia za watumishi waliohamia na wizara. Hao wanauliza kabisa, "Mwalimu, kwa saa shilingi ngapi?" Wa kwanza kuniuliza anakaa Iyumbu. Nikatazama nyumba, nikatazama gari, nikasema 25,000. Akakubali palepale, mpaka nikajiuliza kwa nini sikusema 30,000. Mtaa wa Kisasa nilitaja 25,000 hiyohiyo, mama wa pale akaguna, tukaishia 20,000. Makole ni 10,000. Yule ni mjane, tumeimba naye kwaya muda mrefu, sikuweza kumtajia zaidi.

Mwezi uliopita kulikuwa na sherehe ya kipaimara. Mama wa Iyumbu na mama wa Makole wakakalishwa meza moja. Unajua tena akina mama wakikaa meza moja. Usiku nikapokea ujumbe kutoka Iyumbu: "Mwalimu, kumbe bei yako inategemea geti?" Halafu kimya. Sijamjibu mpaka leo. Jumatano naenda kumfundisha mwanawe kama kawaida, nafunguliwa na dada wa kazi, mama mwenyewe haonekani.

Nikueleze na safari zilivyo. Iyumbu somo ni saa nzima, bodaboda 5,000 kwenda na 5,000 kurudi, na saa nyingine inaishia njiani. Makole somo ni dakika 45, boda 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, njiani nusu saa kwa jumla. Na kuna siku unafika getini unaambiwa, "Jamani mwalimu, leo tuna wageni, tulisahau kukupigia." Siku hiyo boda nimelipa na somo silipwi.

Kila ninayemwambia ana lake. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Anasema duka halina bei mbili, niweke 25,000 kwa wote, asiyeweza aache. Mama yangu yuko Mpwapwa, yeye anasema kipaji nilipewa bure, babu yake alipiga zeze kijiji kizima kikacheza na hakumtoza mtu, sasa mimi nimegeuka mchuuzi wa vitu vya Mungu. Na mwalimu mwenzangu wa gitaa na kinanda amenipigia simu akisema naharibu soko. Anataka walimu wote wa mjini tukubaliane kutoshuka chini ya 30,000 kwa saa, na atakayeshuka tusimpe wanafunzi wala tusimwite kwenye kazi za harusi.

Halafu kuna kijana wa miaka 13. Mama yake anauza mboga soko la Majengo. Hulipa 5,000 akipata, asipopata husema, "Mwalimu, nivumilie." Nyumbani hawana kinanda, hufanyia mazoezi kile cha kanisa kabla wanakwaya hawajafika. Mama, huyu mtoto ana sikio! Wimbo akiusikia mara mbili anakutolea sauti zote nne. Nikipandisha bei nampoteza. Nikimwacha kwenye 5,000, mama wa Iyumbu atarudia yaleyale.

Bei ya haki ni ipi? Na yule mama nimjibu nini?

Mwalimu wa Kinanda, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, maana ina hesabu ulizoziandika ukaziacha njiani. Niruhusu nizimalize, kisha tuongee.

Iyumbu unapewa 25,000. Toa 10,000 za boda, zinabaki 15,000. Saa ya somo na saa ya njiani ni saa mbili, kwa hiyo kila saa yako inalipwa 7,500. Makole unapewa 10,000, toa 4,000, zinabaki 6,000, na muda wako wote ni saa moja na robo. Hapo saa yako inalipwa 4,800. Kwenye ile meza ya kipaimara akina mama waliona tofauti ya 15,000. Mfukoni mwako tofauti ni 2,700 kwa saa. Kinachobaki ni boda, barabara na zile dakika 15 anazozidi mtoto wa Iyumbu.

Usishangilie bado. Hiyo 2,700 ipo, na hiyo kweli ni ya geti. Umeniandikia mwenyewe kwamba ulitazama gari. Sikulaumu kwa hilo, wengi tungetazama. Nalitaja kwa sababu umeuchukua ujumbe wa yule mama kama shutuma ya wizi, na mimi sina hakika kama ndicho alichokisema. Anayeona ameibiwa humwondoa mtoto wiki hiyohiyo. Huyu mtoto wake bado anakaa kwenye kinanda kila Jumatano. Huenda pesa hazimuumi kama kuonekana yeye ni mgeni mwenye hela, na mwenzake mtu wa nyumbani. Tangu Serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zilizofika hapa zimekutana na bei za namna hiyo kwenye pango la nyumba, kwa fundi, hata kwenye fungu la nyanya. Labda alitegemea kwa mwalimu wa mwanawe isiwe hivyo. Au labda alikuwa anatania tu, na ujumbe wa simu hauna sura ya anayecheka. Wa kukuambia ni yeye, na hawezi kukuambia ikiwa mnasalimiana kupitia dada wa kazi.

Kuhusu kumjibu, naona njia mbili na zote zina miiba. Unaweza kumwandikia mchanganuo: somo kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, muda kiasi hiki. Ni wazi na ni kweli, ila ukichelewa sana kuandika husomeka kama utetezi, na yeye ana kalamu pia. Atafikia ileile 2,700 niliyoifikia mimi. Njia nyingine ni kumpigia na kuomba dakika 10 baada ya somo la Jumatano, ukae naye umsikilize kwanza. Hiyo inahitaji moyo. Unaweza kuanza hivi: "Mama, ujumbe wako niliuona, nikakosa maneno. Napanga bei zangu upya na ningependa nikueleze wewe kabla ya wengine." Lolote utakalochagua, habari za mama wa Makole zisitoke mdomoni mwako. Ujane wake ulioniandikia mimi umeniandikia kwa siri. Ukiutumia kujitetea utakuwa umenunua amani ya Iyumbu kwa aibu ya Makole, na mji huu bado mdogo.

Sasa bei yenyewe. Umeniuliza bei ya haki kana kwamba imebandikwa ukutani mahali fulani, wewe tu hujapita hapo. Ninachoona ni kwamba umekuwa ukihesabu dakika za mtoto kwenye kinanda peke yake. Hujahesabu unavyonakili nota usiku, unavyomrekodia mtoto zoezi ukamtumia kwa WhatsApp kwa bando lako, wala siku adapta ya kinanda itakapoungua. Hujahesabu Juni na Desemba, shule zikifungwa na watoto wa Iyumbu kupanda treni kwenda kwa bibi Dar es Salaam. Kaa na daftari, andika unachohitaji kwa mwaka mzima, usichukue mwezi mnono ukadhani ndiyo miezi yote. Gawanya kwa masomo ambayo kweli hufanyika, ukiondoa likizo na siku za "tuna wageni". Namba itakayotoka ndiyo sakafu yako. Huenda ikakushtua, na huenda ukagundua kwamba Makole, kule unakodhani unasaidia kidogo, unatoa msaada mkubwa kuliko ulivyojua. Kutoa si vibaya, lakini ni vizuri ujue unatoa kiasi gani.

Mume wako nimemwelewa, ana hofu ya mtu anayeona mkewe anatoka na kurudi na chenji. Ila muulize kwa upole: anayenunua mfuko mmoja wa saruji na anayenunua mifuko 100 wanalipa sawa kwa mfuko? Dukani kwake bei mbili zipo, ya jumla na ya rejareja, na hakuna anayemtumia ujumbe wa usiku. Wateja wanavumilia kwa sababu kila mmoja anajua bei zote mbili zipo, na anajua afanye nini apate ile ya chini. Kwako wewe wa Iyumbu hakujua kama kuna bei nyingine, na hata angejua, hakuwa na njia ya kuifikia. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, pana kazi. Tofauti ya bei wazazi wengi wataivumilia ikiwa imetajwa kabla.

Pendekezo lake la bei moja lina uzuri wake, hutajieleza kwa mtu tena. Lakini bei moja ukiwa na boda tofauti ina maana wa Makole anamlipia wa Iyumbu safari. Ukiifuata njia hiyo, afadhali uitenganishe: somo bei moja kwa saa, nusu yake kwa nusu saa, na usafiri pembeni kwa umbali. Hatari yake unaijua, unaweza kupoteza nusu ya watoto wa kwaya kwa mwezi mmoja, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba watakuja wengine wa kujaza nafasi zao.

Kuna akina mama watakaopenda kundi. Watoto watatu au wanne wa kiwango kinachokaribiana, Jumamosi asubuhi, kila mmoja analipa sehemu ndogo, wewe unapanda boda mara moja. Solfa na kusoma nota hufundishika vizuri kwa kundi, pengine vizuri kuliko peke yake, maana watoto husikilizana. Vidole je? Kinanda kimoja na watoto wanne, watatu wanasubiri, na anayesubiri huanza kumfinya mwenzake. Ukitaka kutumia ukumbi na kinanda cha kanisa, pata ruhusa ya paroko na viongozi wa kwaya kwanza, tena wajue kwamba wazazi wanakulipa. Siku mtu akisimama kwenye matangazo kuuliza umeme wa kanisa unamfaidisha nani, jibu liwe lilishatolewa zamani.

Unaweza pia kuwaita watoto kwako Kizota na kuokoa boda zote. Sikusukumi huko. Wapo wazazi wanaolipa hasa kwa sababu unawafuata nyumbani, na wewe una mtoto wako, na majirani wenye masikio.

Malipo ya mwezi mzima mwanzoni mwa mwezi yangemaliza habari ya wageni getini. Familia ya mshahara haitapata shida nayo. Mama wa soko la Majengo hawezi, yeye pesa yake inaingia jioni na kutoka asubuhi, kwa hiyo kwake iwe ya wiki, aitume kwa simu. Kanuni ya kuahirisha nayo itajwe: akikuarifu jana yake mnapanga siku nyingine, akikuarifu ukiwa getini somo limelipiwa. Ugonjwa na msiba usiviandikie kanuni, hivyo tunajuana. Na mchele wa Bahi uache uendelee, ila kubalianeni kilo ngapi ni mwezi mmoja wa masomo, kwa sababu bei ya mchele wakati wa mavuno na bei ya Februari ni vitu viwili tofauti, na sitaki siku moja mmoja wenu ahesabu kimyakimya akaumia.

Umesema utasomesha watoto wa wizara kwa muda mrefu? Hujasema, lakini naona kazi inakua. Pita ofisi ya TRA uulize shughuli ya kufundisha kama yako inaangukia wapi kikodi. Kusikia kwa jirani hakutoshi, na jibu lao liingie kwenye lile daftari kabla hujatangaza bei.

Mwalimu mwenzako sitamwita mbaya. Yawezekana yeye hana mume mwenye duka, kodi ya nyumba inatoka kwenye gitaa peke yake, na kila unapotaja 10,000 anasikia ya kwake ikishuka. Hofu hiyo ni halali, mpe heshima yake. Lakini alichokuomba kinanitia wasiwasi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei kwa makubaliano, na inakataza pia kumsusia mtu kwa pamoja. Mimi si mwanasheria, wala sijui kama kuna atakayewafuatilia walimu wachache wa muziki wa Dodoma. Ila usidhani jambo hili haliwafikii watu wa fani yenu. Marekani mwaka 2013 chama cha walimu wa muziki, Music Teachers National Association, kilibanwa na tume ya serikali inayosimamia biashara kwa sababu ya kanuni iliyowazuia wanachama kuwavuta wanafunzi wa wenzao, kikakubali kuiondoa. Na tuache sheria kando: hiyo 30,000 mngekubaliana leo, yule kijana wa Majengo angefundishwa na nani kati yenu? Muulize swali hilo, nina hamu ya kujua atajibu nini. Huenda mkaishia kwenye jambo la maana zaidi, kama kupokezana wanafunzi mmoja akiugua.

Mama yako wa Mpwapwa. Huyu usibishane naye kwa simu. Babu yake aliwapigia watu waliokuwa wakilala boma moja naye, wakimsikia kila jioni. Hakuvuka mji kwa 10,000 kumfuata mtoto mmoja kwa saa moja. Na muziki wa Kigogo wenyewe umewahi kuwa riziki bila kupungukiwa heshima: marehemu Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu, alitoka na ilimba, ile marimba ya vidole gumba, na zeze mpaka Bagamoyo palepale uliposoma, akapiga kwenye majukwaa ya Ulaya, na hatukumwona mchuuzi. Lakini katika maneno ya mama yako kuna kitu usikitupe. Pengine anachoogopa ni kwamba kuna watoto watakaokosa muziki kwa sababu binti yake ameuwekea bei. Hofu hiyo naona mnayo wote wawili.

Hivyo tunafika kwa kijana. Umeniandikia kana kwamba yeye ndiye kikwazo cha bei yako, kumbe kwenye barua yote, yeye ndiye uliyemwandikia kwa furaha. Unaweza kuweka nafasi moja au mbili za bei nafuu na kuwaambia wazazi wote kwamba zipo, bila kumtaja anayezikalia. Mama wa Iyumbu akiuliza, utasema zipo, za familia ambazo zisingeweza, na ni wewe unayezigharamia. Wengine watakuheshimu kwa hilo. Wengine watakuja kuomba nafasi hiyo wakiwa na gari nje, jiandae kusema hapana huku unatabasamu. Ugumu mwingine ni nani anastahili, na kwa muda gani, na itakuwaje mtoto akiacha kufanya mazoezi. Hayo ni vizuri uyaamue kabla moyo haujaingia.

Ila usikimbilie kumsamehe mama yake ile 5,000. Anaposema "nivumilie" anakuambia kwamba deni analijua na analibeba. Ukilifuta kwa huruma yako unaweza kumwondolea kitu anachojivunia. Na usimgeuze kijana kuwa msaidizi wako wa Jumamosi ili "afidie", miaka 13 bado ni mwanafunzi. Kaa na mama yake, sokoni mchana wateja wakipungua, umwambie kwamba unapanga bei upya na ungependa mwanawe abaki. Muulize yeye angeweza kiasi gani kwa wiki bila kuumia. Inawezekana akataja namba ambayo hukuitarajia, juu au chini.

Usitangaze chochote katikati ya muhula. Januari shule zikifunguliwa wazazi wanakuwa wamezoea kusikia ada mpya, na utakuwa na Desemba nzima ya kufanya hesabu zako. Ila Jumatano hii iko kabla ya Desemba, na mama wa Iyumbu yuko ndani ya nyumba ile ile.